Majina Yaandikwe Bandarini

Andiko kuu: Matendo ya Mitume 27:9–44

 

Hili ni neno la Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza na ya pili. Wengi mmeniuliza kama litaandikwa, hasa nyinyi wazazi wenye watoto wanaojiandaa kusafiri. Limeandikwa. Soma polepole, kisha mpe jirani yako.

Nianze na picha. Binamu yangu ni muuguzi huko Ireland. Siku moja akiwa na likizo alipanda treni akaenda mji mdogo wa pwani unaoitwa Cobh, unatamkwa "Kov". Alinitumia picha ya bustani iliyo kando ya maji. Ndani ya bustani hiyo kuna ukuta wa kioo, na kwenye kioo yamechorwa majina ya watu 123. Basi. Majina tu, na nyuma yake unaona bahari. Akaniandikia, "Pasta, hawa ndio waliopandia Titanic hapa."

Mimi nilikuwa nimeshahubiri Titanic mara nyingi, kama wahubiri wengine. Nimewahi kusimama hapo madhabahuni nikasema ati mwenye meli alijigamba kwamba hata Mungu hawezi kuizamisha. Mkapiga makofi. Juzi nikakaa chini kutafuta ni nani alisema hayo, na ni wapi yameandikwa. Wapendwa, hakuna ushahidi wa kutegemewa. Ni maneno ya kupokezana. Nimetubu, kwa sababu mhubiri hana ruhusa ya kuongeza chumvi hata kama mafundisho ni mazuri. Na ukweli wenyewe unatosha: mwaka 1911 jarida moja la wajenzi wa meli liliandika kwamba meli hiyo ni kama haiwezi kuzama. Lilisema "ni kama". Watu wakasikia "haiwezi".

Sasa twende bandarini.

Tarehe 11 Aprili 1912, kama saa tano na nusu asubuhi, Titanic ilifika Cobh. Wakati huo mji uliitwa Queenstown. Ilikuwa imetoka Southampton, Uingereza, ikapitia Cherbourg, Ufaransa, na hii ndiyo ilikuwa bandari ya mwisho kabla ya New York. Meli ilikuwa kubwa mno, haikuweza kufika gatini. Ilitia nanga nje, karibu na mdomo wa bandari, na abiria wakapelekwa kwa mashua mbili za moshi. Moja iliitwa Ireland, nyingine iliitwa America. Yaani ulipanda kwenye mashua yenye jina la nyumbani au yenye jina la unakoenda. Kati ya hao 123, 113 walikuwa wa daraja la tatu. Ni vijana wa mashambani na wasichana waliokuwa wanaenda kufanya kazi za nyumbani kule Marekani, ili watume pesa kwa wazazi.

Mnanielewa? Hawakuwa matajiri wa kwenye filamu. Walikuwa kama sisi. Wengine walisaidiwa na jamaa kulipa nauli, kama vile sisi hufanya harambee.

Saa saba na nusu mchana nanga ikavutwa. Ni masaa mawili tu walikaa hapo. Usiku wa tarehe 14, saa tano na dakika arobaini, meli ikagonga barafu. Saa nane na dakika ishirini usiku ikawa imeshuka chini. Watu kama 1,500 walikufa. Kati ya wale 123 wa Queenstown, 79 hawakufika, 44 waliokoka.

Hiyo ndiyo bandari yetu ya leo. Sasa fungua Matendo 27, kwa sababu Biblia nayo ina bandari yake. Inaitwa Bandari Nzuri, kule Krete. Paulo ni mfungwa ndani ya meli ya mizigo kutoka Iskanderia. Meli imetia nanga, msimu mbaya umefika, na kuna uamuzi wa kufanywa. Nataka tujifunze mambo matatu ambayo hufanyika bandarini.

Jambo la kwanza: Bandarini ni mahali pa kusikia onyo

Paulo anasimama anawaambia wazi: mkiondoka hapa mtapata hasara, ya mizigo, ya meli, na ya maisha. Yule akida anafanya nini? Luka anatuambia kwamba alimsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Tusimcheke. Mimi nimesomea biashara; ningekuwa darasani ningesema akida amefanya vizuri, amemsikiliza mtaalamu na mwekezaji. Nani atamsikiliza mfungwa?

Halafu mstari wa 13, upepo wa kusi ukaanza kuvuma polepole. Ukawa kama jibu la maombi. Wakasema, "Si mnaona? Mambo ni sawa." Wakang'oa nanga. Muda si mrefu tufani ikashuka kutoka kisiwani.

Jihadhari na upepo mzuri unaokuja baada ya onyo. Umeambiwa usiweke sahihi, kisha kesho yake ajenti anakupigia kwa sauti tamu, "Tiketi yako iko tayari, viza imetoka." Huo ni upepo wa kusi. Unaweza kuwa wa Mungu, unaweza usiwe. Lakini upepo mzuri haufuti onyo. Onyo hujibiwa kwa kuchunguzwa.

Kwenye Titanic maonyo hayakukosekana. Siku ile ya tarehe 14 meli nyingine zilituma habari za barafu kwa simu ya upepo, zaidi ya mara moja. Moja iliyotumwa usiku, karibu saa nne kasoro, haikufika kwa manahodha. Vijana wa simu walikuwa na kazi nyingi ya kutuma salamu za abiria. Baadaye, karibu na saa tano usiku, meli ya Californian, ambayo ilikuwa imesimama katikati ya barafu, ikaita. Ikaambiwa inyamaze, inaingilia kazi. Dakika kama arobaini baadaye, barafu ikagongwa.

Ona jambo hilo, mpendwa. Onyo lilizuiwa na shughuli nyingi. Haikuwa uchawi, wala haikuwa uasi mkubwa. Mtu alikuwa bize na mambo ya wateja. Ni wangapi kati yetu tuko bize na salamu hata tumemwambia Roho Mtakatifu, "Ngoja kidogo, unaniingilia"?

Jambo la pili: Bandarini ni mahali pa kuhesabu mashua

Hapa nataka wanaume wa biashara wanisikilize vizuri. Titanic ilikuwa na mashua 20 za kuokolea. Nafasi ndani yake zote zilikuwa za watu 1,178. Ndani ya meli kulikuwa na watu zaidi ya 2,200. Utauliza, serikali ilikuwa wapi? Jibu litakushangaza: sheria haikuvunjwa. Kanuni za Uingereza wakati huo ziliandikwa kwa meli za tani 10,000 na zaidi, zikataka mashua 16. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Ilikuwa na mashua nne zaidi ya zile zilizotakiwa. Mkaguzi angeweka tiki kila mahali.

Andika hii kwa daftari: kufuata sheria na kuwa salama ni vitu viwili. Kibali kilichotundikwa ukutani ofisini kwa ajenti ni kizuri, na ni lazima kiwepo. Angalia kama kampuni iko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lakini kibali si mashua. Uliza maswali ya mashua: Mambo yakiharibika nitampigia nani? Pasipoti yangu itakaa na nani? Nikiugua nani atalipa? Mkataba ninaosaini hapa ndio huo huo nitakaoukuta kule? Ajenti akikasirika kwa sababu umeuliza, ameshakujibu.

Na kuna jambo la kuuma zaidi. Hata zile mashua chache hazikujaa. Moja ya watu 40 ilishushwa ikiwa na watu 12. Kati ya abiria wa daraja la kwanza zaidi ya nusu waliokoka. Wa daraja la tatu, karibu robo tu. Walikaa chini kabisa na njia ya kufika juu hawakuijua. Kwa hiyo mtu asisimame hapa aseme waliokufa hawakuomba. Waliomba! Kule kijijini Lahardane, upande wa magharibi wa Ireland, watu 14 walitoka pamoja katika parokia moja. Watatu ndio waliokoka. Hadi leo kengele ya kanisa lao hupigwa kila mwaka usiku wa 15 Aprili kuwakumbuka. Hao walikuwa watu wa ibada. Tusiwahubirie marehemu kana kwamba walikosa imani. Waliokosa kitu ni wale waliopaswa kuhesabu mashua.

Kuna aliyeshuka, ndiyo. Abiria saba walikuwa wamekata tiketi ya kufika Queenstown tu. Mmoja wao alikuwa Francis Browne, mwanafunzi wa upadre mwenye kamera. Matajiri fulani wa Marekani waliompenda walijitolea kumlipia safari hadi New York. Akaomba ruhusa kwa mkuu wake kwa simu ya upepo. Alipofika Queenstown akakuta jibu limemngoja, kali na fupi: ashuke. Akatii, akashuka na picha zake, na ndizo tunazotazama leo. Mwingine ni kijana wa moto wa injini, John Coffey, alitoroka kwa kujificha kati ya mifuko ya barua.

Mmoja alishuka kwa utii, mwingine alishuka kwa kutoroka, na wote waliishi. Mimi sitakudanganya kwamba najua hesabu za Mungu hapo. Ninachojua ni hiki: kushuka bandarini si aibu. Binti, kama umefika uwanja wa ndege na mkataba umebadilika, geuka urudi nyumbani. Sisi kanisa hatutakucheka. Mchango tuliochanga ulikuwa wako, haukuwa deni la kukufunga.

Jambo la tatu: Bandarini ni mahali pa kuandika majina

Hapa ndipo Bwana alinishika shingo.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kanisa hili alipata kazi ya nyumba katika nchi moja ya Ghuba. Amenipa ruhusa niseme. Tulimwita mbele katika ibada ya pili, mkanyoosha mikono, nikaomba kwa lugha mpya. Tulichanga. Mimi mwenyewe niliendesha gari hadi uwanja wa ndege, tukaimba, tukapiga picha. Nikarudi nikasema, "Mungu ametenda."

Mwezi wa nne simu ikalia usiku. Analia. Hajalipwa, pasipoti imechukuliwa, anafungiwa. Simu ikakatika.

Asubuhi nikaenda ofisini kutafuta msaada. Afisa akaniuliza swali la kwanza, rahisi kabisa: "Jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti?" Wapendwa, nilinyamaza. Hapa kanisani tulimwita kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani. Nilimwombea miaka sita, na sikujua jina lake. Ajenti ni nani? Sijui. Mwajiri? Sijui. Mji? Nikataja nchi. Yule afisa alinitazama kwa huruma, akafunga kitabu.

Mamake aliishi mashambani na hakuwa na nakala ya karatasi yoyote. Ilituchukua majuma kumi na moja kupata yale ambayo ningeyapata kwa dakika kumi siku ile pale uwanja wa ndege, kama ningekuwa na kalamu badala ya kamera. Alirudi. Mungu ni mwema, alirudi akiwa hai, amekonda, na kwa mwaka mzima hakutaka kuingia kwa mlango wa kanisa. Siku aliporudi nilimwomba msamaha. Alinijibu neno moja tu, "Pasta, nilikuwa nawaza kama nikifa huku watajua ni mimi."

Majuma kumi na moja. Nilikuwa na digrii ya biashara. Nilijua kuweka hesabu ya sadaka hadi shilingi ya mwisho. Viti vya plastiki tulivyonunua tuliandika namba nyuma ya kila kimoja. Lakini mtu wa Mungu alivuka bahari bila kuandikwa popote.

Ndiyo maana ile picha ya Cobh ilinivunja. Ule ukuta wa kioo ni mzuri, lakini uliwekwa miaka zaidi ya 100 baada ya meli kuzama. Majina yameandikwa na wajukuu wa vitukuu. Mimi nikajiuliza, kwa nini mtu angoje kuzama ndipo jina lake liandikwe vizuri?

Kulikuwa na kijana katika ile orodha anaitwa Jeremiah Burke, miaka 19, wa Glanmire, karibu kabisa na hiyo bandari. Mama yake alimpa kichupa cha maji matakatifu aende nacho. Mwaka uliofuata kichupa kikaokotwa ufukweni, karibu na kwao. Ndani kulikuwa na karatasi ya kuaga kutoka Titanic. Alikuwa ameandika mambo mawili ya kumtambulisha: jina lake, na anakotoka. Meli inazama, kijana anatafuta penseli, na kitu anachotaka kijulikane ni kwamba mimi ni fulani, mwana wa mahali fulani.

Sasa rudi Matendo 27. Tufani ya siku kumi na nne, hakuna jua, hakuna nyota, hakuna chakula. Katikati ya hayo Luka anafanya jambo la ajabu, mstari wa 37. Anatuambia idadi. Tulikuwa watu 276. Hakusema "umati", wala "watu wengi". Mia mbili sabini na sita, na wafungwa wamehesabiwa pamoja na askari. Na mstari wa mwisho wa sura, meli imevunjika vipande, wengine wameogelea, wengine wamekuja juu ya mbao, lakini wote wamefika pwani. Utajuaje kwamba wote wamefika kama hukuwahesabu mwanzo? Huwezi kushangilia "wote" kama hukujua ni wangapi!

Mungu wetu ni Mungu wa majina. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Yule mwenye kondoo mia alijua mmoja amepotea kwa sababu alihesabu. Sisi tumefanya kuhesabu kuwa kazi ya ofisi, na kuomba kuwa kazi ya kiroho. Kumbe kuandika jina la mtu ni maombi yenye miguu.

Tufanye nini?

Mtu wa hesabu hafungi bila mpango. Mchungaji Kiongozi na wazee wamekubali, na kuanzia Jumapili hii kuna daftari kwenye meza ya mashemasi, karibu na mlango. Linaitwa Daftari la Bandarini. Kabla hatujakuwekea mikono, tutakuandika: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, ajenti na simu yake, mwajiri na mji, na ndugu wawili wa karibu. Tutabaki na nakala ya mkataba. Litafungiwa kwenye kabati, na funguo ni mbili. Kila msafiri atapewa mshirika mmoja wa kumpigia kila juma. Juma likipita bila sauti, tunaanza kuuliza siku hiyo hiyo, hatungoji ibada.

Wale ambao wameshaondoka tayari, ndugu zao waje tuwaandike. Hadi jana jioni tulikuwa tumeandika 17. Na wa kwanza katika daftari hilo, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni yule dada. Hasafiri tena. Ndiye atakayelitunza.

Na wewe usiyesafiri kokote, bado uko bandarini. Kila mmoja wetu ana safari moja isiyo na ajenti wala tiketi ya kurudi. Kuna kitabu kingine, Kitabu cha Uzima cha Mwana-Kondoo. Kule hakuna daraja la kwanza wala la tatu, na nafasi hazikupungua kwa sababu mtu alihesabu vibaya. Yesu alipanda kwenye meli yetu ikiwa tayari inazama, akatoa nafasi yake. Jina lako liko humo? Usilale leo bila kujibu. Huenda upepo unavuma polepole nje na kila kitu kinaonekana sawa. Nanga bado haijavutwa. Njoo uandikwe.

Tuombe:

Baba, tusamehe kwa wale tuliowaimbia na kuwasahau. Wakumbuke leo watoto wetu walio mbali, jikoni kwa wenyewe, kwenye vyumba vya kufungiwa, barabarani usiku. Wewe unawajua kwa majina. Tufundishe kusikia onyo, kuhesabu mashua, na kuandika majina mapema. Na siku ya mwisho, ufukweni kwako, tuhesabiwe tukute wote tumefika. Katika jina la Yesu. Amina.